Hoteli Ambayo Fundi Kiilu Hakuingia

Mume wangu Kiilu alikuwa fundi wa baiskeli hapa Matiliku, na kila Jumamosi alienda kuendesha baiskeli bila shughuli yoyote. Ndiyo, bila shughuli. Hakubeba gunia, hakupeleka barua, hakuenda kuona mgonjwa. Mtu mzima mwenye watoto wanne anatoka asubuhi, anapanda mpaka milima ya Kilungu, anakunywa chai, anarudi jioni amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Ukimwuliza alienda kufanya nini, anasema, "Nilikuwa najaribu spoki." Spoki gani hizo za kujaribiwa miaka nenda miaka rudi? Tulipooana mwaka wa 1968, majirani walinionea huruma. Walidhani ana mke mwingine huko juu.

Hakuwa na mke mwingine. Alikuwa na hoteli. Namaanisha hizi hoteli zetu za chai na mandazi, zenye benchi mbili na sufuria moja nyeusi. Alizijua zote, kuanzia mji wa Wote mpaka Tawa, na huku kwetu mpaka juu Kilungu. Alijua nani anachemsha maziwa pamoja na majani na nani anamimina maziwa baridi juu ya maji ya moto halafu anakuambia hiyo ni chai. Alijua hoteli gani ina maji ya kunawa na gani ina maji ya maneno tu.

Tena alikuwa na masharti yake, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Lazima ukiwa umekaa uione baiskeli yako. Lazima kuwe na kivuli saa sita. Chapati usile kabla ya kupanda kilima, utajuta. Na hoteli nzuri iko mahali ambapo miguu inaanza kulalamika, si kabla, si baada. Nilimwambia angeyajua Maandiko hivyo angekuwa pasta.

Basi watu wakamwamini. Wakati huo mwalimu alikwenda kwa baiskeli, mhubiri kwa baiskeli, mnunuzi wa kuku kwa baiskeli. Wote walipitia kwenye banda la Kiilu kuziba pancha, na wakati anatafuta tundu kwenye karai la maji wanamwuliza, "Fundi, nikielekea Kilungu ninywe chai wapi?" Neno lake lilikuwa la mwisho. Akisema pale pazuri, wiki hiyo pale panajaa.

Sasa mwaka wa 1977 mama yangu akafungua hoteli.

Mama anaitwa Syombua. Baba alipofariki alibaki peke yake chini ya milima ya Kilungu, pale barabara inapoanza kupanda. Akauza ng'ombe wawili, akajenga vyumba viwili vya mabati kando ya barabara, akanunua vikombe vya bati. Alikuwa anapika vizuri tangu nikiwa mtoto. Muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa, ulikuwa laini, na chai yake ilikuwa na ile rangi ambayo hata ukiwa umekasirika unanyamaza kwanza. Na mahali penyewe, mimi nisiyejua baiskeli niliona: kivuli kipo, maji yapo, na kilima ndicho kinaanza. Nilifurahi sana. Nikajiambia, watu wa Jumamosi watamjaza.

Hawakumjaza. Nilienda kumwona baada ya miezi michache, nikamkuta saa sita mchana anamimina chai kwenye ndoo ya ndama.

"Mama, hii si chai ya leo?"

"Ni ya leo," akasema. "Wa miguu wanaingia mmoja mmoja. Wa baiskeli hawasimami, Mutindi. Wanashuka, wananitazama, halafu wanasukuma baiskeli mpaka juu. Niliwafanyia nini?"

Akaniambia ukifika msimu wa maembe hali ikiwa hivyo, atafunga, atakwenda kwa ndugu yangu Mariakani. Moyo ulinishuka. Mama hakuwahi kuishi mbali na milima ile, na joto la Mariakani lilikuwa linamfanya avimbe miguu. Na kuja kwangu hakuweza kabisa, kwa sababu ya Kiilu.

Hapa nieleze kidogo, maana watoto wa siku hizi hawajui. Kwetu Ukambani mwanamume na mama ya mke wake wana heshima yao, tunaiita nthoni. Hawatazamani usoni. Hawali mahali pamoja. Hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Kanisani walituambia hayo yamepitwa na wakati, na wengi waliacha. Kiilu hakuacha. Mama naye alijivunia jambo hilo kuliko mahari yenyewe. Alikuwa anawaambia wanawake wenzake, "Wakwe zenu wanaingia mpaka jikoni kufunua sufuria. Wangu hajawahi kuniona meno."

Siku chache baadaye Faki akaja kwangu. Faki alikuwa fundi wa cherehani, mtu wa Kitui mjini, Mwislamu, na ndiye aliyekuwa akipanda baiskeli na Kiilu kila Jumamosi. Alihamia Matiliku tukiwa tumeoana zamani, kwa hiyo hakuwajua watu wa kwetu. Akakaa, akanywa maji, akaniuliza:

"Shemeji, ile hoteli pale chini ya kilima ina ubaya gani?"

"Kwa nini?"

"Mzee wako akikaribia pale anashuka, anavuka upande wa pili, anasukuma baiskeli huku amegeuza uso porini kama anatafuta mbuzi. Nikimwambia tuingie, anasema, 'Pale hapana, twende mbele.' Simulizi ndiyo hiyo hiyo kila wiki. Sasa hata wengine wakifika pale wanafanya hivyo. Wanasema kama fundi haingii, maji ya pale yana kitu."

Nilikaa chini. Nilicheka kwanza, Mungu anisamehe, kisha nikapandwa na hasira mpaka masikio yakawaka.

"Faki," nikasema, "ile ni hoteli ya mama yangu."

Maskini Faki alishika kichwa. Alikuwa amewapitisha pale marafiki zake wote.

Nikaenda bandani kwake sokoni papo hapo bila hata kubadilisha leso. Nikamkuta Kiilu amepiga magoti mbele ya gurudumu, na mwalimu mmoja amesimama kando anamwuliza atakunywa chai wapi akielekea Kilungu. Kiilu akasema bila kuinua uso, "Ukifika pale chini, pita. Nenda mpaka juu." Nilimsikia kwa masikio yangu mawili. Nilingoja mwalimu aende, kwa sababu nina adabu, halafu nikamwuliza mume wangu kama anataka kumwua mama yangu kwa njaa.

Kiilu alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Ukweli ni kwamba hakuwa amefikiri hata siku moja. Kwake yeye, kupita pale ilikuwa heshima, basi.

"Nitasemaje, Mama Muthama?" akaniuliza. "Nisimame sokoni nitangaze chakula cha mama yako? Niseme nimekionja, na sijakionja? Hiyo ni aibu."

"Na chai kumwagiwa ndama si aibu?"

Akachukua spana. Alikuwa na tabia hiyo, ukimshinda kwa maneno anarudi kwenye gurudumu. Jioni hakula. Jumapili, tukitoka kanisani, akasema atanunua blanketi na kupeleka mbuzi, wazee wakae, nthoni iondolewe kama ilivyo desturi, ili aweze kuingia kwenye hoteli kama mtu yeyote. Nikaona hilo ni jambo la maana. Nikafunga safari kumweleza mama.

Mama alikataa. Alikuwa anasonga ugali, akaweka mwiko chini.

"Nifunge hoteli basi," akasema. "Baba yenu hayupo, ng'ombe hawapo. Heshima ya yule mtu ndiyo imebaki. Niiuze kwa sababu ya mandazi?"

Niliwakasirikia wote wawili. Nilirudi nyumbani nikipiga mahesabu ya safari ya Mariakani na nani atampaka mama mafuta ya miguu huko. Niliwaza kama kuna wanawake wengine duniani wenye shida ya kipumbavu kama yangu, mume anamheshimu mama mpaka anamfilisi, na mama anafurahia.

Faki ndiye aliyetegua kitendawili hicho. Watu wa Kitui wana akili ya pembeni. Alimwuliza Kiilu, "Desturi yenu inakataza usimtazame na usile naye. Je, inakataza kikombe kisivuke barabara?"

Kiilu akafikiri siku tatu. Akaenda kwa mzee wa ukoo wake akauliza. Mzee akasema kikombe hakina macho. Basi mimi nikapeleka neno hilo kwa mama, naye akafikiri siku yake moja akasema, "Akae mbali. Asigeuke."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe nione. Walikuja saa nne, watu sita wa baiskeli. Kiilu akashuka kama kawaida, akavuka upande wa pili, akaegemeza baiskeli yake kwenye mti, akakaa juu ya jiwe akiupa mlango wa hoteli mgongo. Wenzake walisimama katikati ya barabara hawajui wafanye nini. Faki akaingia, akamsalimia mama, akatoka na kikombe cha chai na mandazi mawili juu ya kifuniko, akavuka barabara akampa. Kiilu akavua kofia, akaomba, akanywa. Alikunywa polepole mpaka mwisho, watu wote wanamtazama. Kisha akasema kwa sauti, akielekea porini, "Hii ndiyo chai."

Wale watano waliingia wakisukumana. Mama alikosa vikombe siku hiyo. Ilipofika msimu wa maembe, alikuwa ameongeza benchi ya tatu na jina la Mariakani halikutajwa tena.

Wakafanya hivyo miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi, mvua ikinyesha anajifunika gunia, lakini jiweni anakaa. Wageni walifikiri ni mwendawazimu, na waliozoea wakawaambia nyamazeni, yule ni mkwe. Mwaka wa njaa ile kubwa, watu walipokuwa wanakula mahindi ya manjano, chai ilikuwa ya rangi tu, na bado Kiilu alikuja akainywa. Mama alimjua kwa mgongo. Alikuwa ananiambia, "Mzee wako ameshona shati kwapani," au, "Mzee wako amekonda mabega, unampa nini?" Kiilu naye alimjua kwa kikohozi chake na kwa mlio wa mwiko wake kwenye sufuria. Mlio ukichelewa, ananiuliza kama huko kwetu kuna mgonjwa.

Mwaka wa 1990 magoti ya mama yalikataa. Akaniita, akasema anafunga kwa sababu amechoka, si kwa sababu ya njaa, na anataka kuja kukaa kwangu. Halafu akasema, akichezea pindo la leso, "Mwambie alete lile blanketi."

Tulikwenda na blanketi, mbuzi na wazee wawili wa ukoo. Yaliyofanyika kati yao ni ya wazee, siyaandiki. Yalipokwisha, mama akasimama, akashika ukuta, akaenda jikoni mwenyewe, akakataa nimsaidie. Akarudi na kikombe kile cha bati. Kiilu alikuwa amekaa ndani ya hoteli kwa mara ya kwanza, kwenye benchi, kofia magotini, na nilimwona anaizungushazungusha, yeye anayeshuka Kilungu bila breki. Akainua macho, wakatazamana.

Mama alimwangalia ndevuni. "Kumbe una mvi," akasema.

"Ndiyo, mama."

Akampa kikombe, akakaa mbele yake. Kiilu akaonja. Mama akauliza, na nadhani alikuwa amengoja kuuliza hilo kuliko blanketi, "Unaionaje chai yangu?"

Mume wangu hajui kusema uongo, ndiyo shida yake. Akasema, "Ina sukari nyingi, mama."

"Leo?"

"Siku zote."

Nilitaka kuzama. Mama akaweka mkono mdomoni. Akaeleza kwamba kikombe kilichovuka barabara alikuwa anakitilia vijiko vitano, wengine wawili, maana angemwonyesha mkwe wake kwa njia gani nyingine kwamba anamthamini? Hata mwaka wa njaa alijinyima yake akamwekea.

"Na wewe miaka yote hukusema?"

"Ningesemaje? Nilikuwa nimekupa mgongo," akasema Kiilu. "Nilikuwa nainywa yote."

Mama akacheka mpaka machozi yakamtoka, na meno yake yote mume wangu akayaona. Mimi nilikuwa nalia mlangoni nikiwa na hasira nao, kwa miaka ile yote. Mama akachukua kikombe, akamwaga, akamwekea nyingine ya kijiko kimoja. Wakaendelea kuzungumza juu ya barabara, mimi nikaenda kuosha vyombo.