Chakula cha Uongo

Mtoa dawa wa hospitali yetu ya misheni, huku Tabora, hakujua kufunga kopo taratibu. Mwaka ule wa mwisho wa Waingereza, sisi wauguzi tulizisikia hasira zake kwenye vifuniko tangu asubuhi. Mikono yake ilikuwa na upole kwa wagonjwa tu. Kila Jumatatu alizungusha uzi kwenye taya la binti wa Mama Veneranda wa Goweko, pale penye saratani, akapiga fundo ulipoishia uvimbe. "Hili jitu ni lafi," alimwambia mama. "Kidonge hiki linakidhani chakula. Linakila, linabaki na njaa." Mafundo yalifika manne, kila jipya likionyesha uvimbe umepungua.

Juma la tano daktari alimwona mtoto amepauka, akamwandikia pia vidonge vya foliki, vya kuongeza damu. Mtoa dawa akakisoma cheti mara mbili, akavuka ua, uzi mkononi.

"Daktari, vidonge hivi ndicho chakula chenyewe cha uvimbe, kile dawa yetu inachokiigiza. Mimi naunyima uvimbe, wewe unaupakulia."

"Kazi yako ni kutoa dawa," daktari alijibu, macho kwenye karatasi. "Nimeandika, vitoke."

Akarudi dirishani, akampa mama dawa ya uvimbe peke yake. Daktari alipopita barazani, alimkuta mtoa dawa akivimeza vile vya damu yeye mwenyewe, kimoja kimoja, bila maji, hadi cha ishirini na moja, cha mwisho kwenye cheti.

"Vimetoka," akasema, akagonga kifuniko.