Rubani wa Kurudi

Jirani yangu wa Mkuza, Kibaha, alirusha ndege za mizigo wakati wa vita ya Kagera, kisha akafundisha biashara chuo kikuu mpaka akastaafu. Na sokoni hulipa bei ya kwanza anayotajiwa. Profesa wa biashara! Nilikuwa nikimwona akinunua nyanya, natamani nimpatanie mimi.

Siku niliyokwenda Maneromango kufuata mananasi kwa mtaji wangu mwenyewe, baada ya miaka ya kuuza kwenye genge la shangazi, aliomba kiti ndani ya Kenta niliyokodi. Eti anyooshe miguu.

Mama mwenye shamba alitaja bei, nikacheka. Nikataja yangu, akacheka yeye. Basi nikageuka, nikaelekea garini mwendo wa bibi harusi, nikisubiri kuitwa. Nikaitwa. Tukaelewana. Mzigo ukahesabiwa, nikauhesabu tena.

"Wewe binti," mama akasema, "unadhani yatazaana humo garini?"

Tulipoondoka, profesa akaniuliza, "Asingekuita je?"

"Lazima angeniita, Profesa. Ndiyo biashara."

"Kumbe hukugeuka. Uliigiza."

Tulipofika Kisarawe mvua ikashuka. Tukashika njia ya mkato kwenda Kibaha, na huko bondeni tukakuta maji yamepanda juu ya daraja. Dereva akasimama, akanitazama. Mananasi yalikuwa yameiva, yananukia mpaka mbele. Mtaji wangu wote ulikuwa mgongoni mwetu, na shangazi alikwishatangaza kwamba kabla ya Idi nitarudi kumpangia vitunguu.

"Pita taratibu," nikasema.

"Gari ikizima katikati," profesa akauliza, "unageukia wapi?"

Nikachungulia mzigo nyuma.

"Vitani nilipakia unga na dawa," akasema. "Mbele mawingu yakafunga, sioni ziwa wala kilima. Nikarudi na mzigo. Wenzangu wakaniita Rubani wa Kurudi. Kesho yake nikaufikisha. Sasa Rubani wa Kurudi ana wajukuu."

"Na biashara iliingiaje hapo?"

"Unga ulifika, chumvi ikasahaulika Dar. Vita ilipoisha nikaenda kusomea kwa nini."

Nikayatazama yale maji mara ya kwanza, nikayatazama mara ya pili. "Geuza."

Dereva hakugusa usukani. Alidhani napatana bei na mto.

"Kweli kabisa, kaka. Geuza."

Sokoni Kisarawe mvua ilikuwa imezuia magari mengine, matunda hakuna. Nilishusha nikiwa nimenuna, lakini kufikia alasiri wauza juisi walikuwa wanagombania yaliyobaki, na mama lishe mmoja akanishika mkono: "Keshokutwa unaleta tena, au ndiyo umepotea?"

Sikupotea. Leo nina meza Kisarawe na genge langu Mkuza. Shangazi hununua mananasi kwangu kwa jumla, na anaomba apunguziwe kwa sababu ya damu.

Profesa naye ni mteja. Namtajia bei, analipa. Juzi uzalendo ukanishinda.

"Shikamoo, Profesa. Leo naomba basi ugeuke kidogo, nami nipate raha ya kukuita."

"Marahaba," akasema, akaweka nanasi chini, akageuka.

Nikaita. Hakusimama. Nikaita tena, mzee huyo, anakata kona. Ikabidi nimkimbilie barabarani, nanasi mkononi, na bei nimeshaishusha mwenyewe mara mbili.