Boti yangu kuukuu ya dizeli ilivyokataa rangi nyeupe, Kisumu miaka ya themanini

Wakuu, nawasalimu popote mlipo.

Humu jukwaani nimesoma visa vingi vinavyoanza na "kuna jamaa aliniambia". Sivikatai, ila sivitegemei. Kwa hiyo kabla sijaanza, niruhusuni nitenganishe mambo mawili.

Niliyoyashuhudia: katikati ya miaka ya themanini nilinunua boti ya dizeli iliyokwisha kutumika, nikaiweka ufuko wa Dunga. Ilinizimikia ziwani mara kadhaa. Sababu yake niliiona kwa macho yangu na kuigusa kwa kidole changu.

Niliyoyasikia: kwamba kuna jiwe katika ghuba yetu lisilopenda injini, kwamba mtu alizama hapo, na kwamba boti huweza kuwa na kinyongo. Haya nitayataja kwa sababu yalinipotezea muda. Siyathibitishi. Sikuona mtu akizama pale, wala sikumpata aliyeona.

Moderators wakiona uzi huu uko jukwaa lisilo lake, wauhamishe tu.

Nilikuwa nimefundisha sayansi kwa miaka mingi nilipostaafu mapema kwa sababu ya koo. Daktari alinikataza kupaza sauti. Mwalimu asiyeweza kupaza sauti mbele ya vijana hamsini atafute kazi nyingine, nami nikatafuta majini.

Boti niliinunua Port Victoria kwa mzee mmoja mfanyabiashara aliyekuwa anahamia shambani. Ilikuwa ya mbao, futi ishirini na nane, rangi ya buluu iliyopauka, na injini ya silinda mbili iliyowashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma. Mzee huyo aliniambia kwamba haikuwahi kumwacha njiani. Niliandika neno hilo kwenye daftari langu chini ya kichwa "Maneno ya muuzaji", maana yake sikuliamini.

Sasa kazi yenyewe.

Upande wa Uyoma palikuwa na zahanati ndogo ya ufukweni. Sista Perpetua, muuguzi pekee pale, aliendesha kliniki ya watoto kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Chanjo zilitoka Kisumu ndani ya kisanduku cha barafu. Mvua ikinyesha, barabara ilikatika. Nilimpa ahadi kwamba nitakuwa nakipeleka kisanduku hicho kwa boti, mwendo wa saa mbili na nusu tu kutoka Dunga, barafu ikiwa bado imeganda.

Kisanduku kilikuwa kikuukuu. Kifuniko kilikuwa kimepinda, tukakifunga kwa mpira wa baiskeli. Kikipigwa na jua kwa muda mrefu, barafu inakuwa maji, na chanjo ikishapata joto haifai kudungwa mtoto. Kina mama waliotembea tangu alfajiri wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Hilo ndilo lililokuwa mikononi mwangu, wakuu. Mengine yote ni vyuma.

Kwanza nilitaka boti iwe nadhifu. Niliikwangua, nikaipaka rangi nyeupe ya mafuta, mikono mitatu, nje na ndani, kila ubao na kila bomba. Kifuniko cha tangi la mafuta kilikuwa kinalegea, nikakitia mpira mpya uliokibana vizuri. Nilijivuna kidogo.

Mama Atieno alikuwa akinunua samaki wakavu Uyoma na kuwauza mpaka soko la Awasi, naye ndiye aliyekuwa abiria wangu wa kudumu. Alipoiona boti alisimama na vikapu vyake, akaguna.

"Japuonj," akaniambia, na japuonj ni mwalimu kwa Kijaluo, "umevalisha boti kanzu ya padri. Nani amekufa?"

"Ni rangi tu, Mama Atieno."

"Hii boti ilizoea buluu. Itakataa hii nyeupe yako. Utaona."

Jioni hiyo sikuandika kitu kwenye daftari. Kwangu maneno yale yalikuwa porojo za sokoni.

Aliyenifundisha kutunza injini ni Fundi Okoth wa Nyamasaria, mzee aliyetumia ujana wake katika vyumba vya injini vya meli. Alikuja Dunga kwa baiskeli, akageuza ndoo, akaikalia, na akakataa katakata kushika spana.

"Shika wewe, Mwalimu. Mimi sitakuwa kwa boti yako kila siku."

Kwa majuma matatu nilikuwa mwanafunzi, na sioni aibu kusema kwamba nilifurahi kuliko nilivyofurahi nikiwa mwalimu.

Nilijifunza kuweka nati zote juu ya gazeti kwa mpangilio uleule wa kuzitoa. Nilijifunza kumwaga maji yaliyotuama chini ya kikombe cha kioo cha mafuta, maana dizeli ya madumu daima ina maji. Nilijifunza kubadilisha raba ya pampu ya kupozea, ile yenye mabawa sita kama ua. Nilijifunza kwamba pale shafti ya rafadha inapotokea majini lazima padondoke matone machache: pasipodondoka kabisa, umekaza mno na shafti itaungua.

Oili ya zamani Fundi alinitaka niisugue kati ya vidole viwili.

"Ikikwaruza?"

"Kuna chuma kinalika," nikajibu.

"Ikinukia dizeli?"

Nikanusa vidole vyangu. Akacheka mpaka ndoo ikatikisika. "Mwalimu mzima! Injekta inavuja, omera, ndugu yangu."

Zaidi ya yote nilijifunza kutoa hewa. Injini ya dizeli ikivuta hewa kwenye mrija wa mafuta, inazimika. Unalegeza skrubu ya filta, unasukuma pampu kwa kidole gumba mpaka mapovu yaishe, unakaza, unahamia skrubu inayofuata. Wageni wa dizeli, jambo hili lijueni kabla ya kujua kunyoosha usukani.

Jumanne ya kwanza nilijaza tangi mpaka juu, nikapakia kisanduku, nikaondoka asubuhi na Mama Atieno.

Baada ya dakika arobaini na tano hivi, mbele ya jiwe moja jeupe kwa kinyesi cha ndege, injini ilipungua nguvu, ikakohoa, ikazimika.

Nilifungua kifuniko cha tangi nipime mafuta kwa kijiti. Yalikuwepo tele. Nikatoa hewa, nikazungusha mkono, ikawaka. Baada ya muda ikazimika tena. Nikafanya vilevile. Tulifika alasiri. Sista Perpetua alifungua kisanduku, akatikisa pakiti moja ya barafu sikioni, maji yakacheza ndani. Hakunilaumu. Alitoka nje, akazungumza na kina mama, wakaanza kufunga watoto mgongoni.

Wakuu, mgongo wa mtu anayeondoka ni kitu kigumu kukitazama.

Jumanne ya mwezi uliofuata, mambo yaleyale. Jiwe lilelile. Maji yaleyale sikioni mwa Sista.

"Mwalimu," akasema safari hii, "sikugombezi. Lakini mwezi ujao nikisikia maji tena, nitaandika kwamba njia ya ziwa haifai, na kliniki itafungwa mpaka barabara ikauke."

Pale Dunga maneno yalishaenea. Nilisikia kwamba lile jiwe linadai sadaka. Nilisikia kwamba nimwage pombe kidogo majini. Mama Atieno yeye hakushughulika na jiwe.

"Si nilisema? Imekataa rangi."

"Mama, chuma hakina maoni juu ya rangi."

"Basi si uambie hiyo chuma iende!"

Ufuko mzima ulicheka, na mimi nikaingia ndani ya boti nikajifanya nakaza kitu.

Habari ya jiwe niliipima. Siku moja niliondoka Dunga kuelekea Kendu Bay, ambako hakuna jiwe hilo wala kivuli chake. Injini ilizimika baada ya dakika arobaini na sita. Nikaandika: "Si mahali. Ni muda." Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi, ingawa bado nilikuwa katikati ya maji.

Fundi Okoth alishikilia kwamba hewa inapenya mahali. Tulikaza kila kiungo. Tukabadilisha kila washa ya shaba, vile vipete vya kuziba viungo. Hewa, hewa, hewa. Tuliitafuta kila ilikoweza kuingia.

Jumanne ya tatu Fundi alipanda nasi. Mama Atieno alikaa mahali pake pa siku zote, kwenye benchi la nyuma, vikapu kati ya miguu. Kisanduku nilikifunika kwa gunia lililoloweshwa.

Dakika ya arobaini ilipita. Mama Atieno akasema, "Haya, mgeni amebisha."

Muda mfupi baadaye injini ikakohoa, ikazimika. Ukimya wa ziwa ulitushukia, na jiwe jeupe lile pale. Fundi akachukua spana, safari hii mwenyewe, bila mzaha.

"Mgeni gani?" nikamuuliza Mama Atieno. Nadhani niliuliza kwa kukosa lingine la kufanya.

"Huyu wa chini ya benchi. Anagonga ko, halafu boti inazima. Kila siku. Ukifungua ile kifuniko yako anagonga tena, ko, anaenda."

Chini ya benchi lile ndipo lilipokuwa tangi.

Nilitoa daftari. "Mama Atieno, boti hii ulikuwa unaipanda kabla yangu?"

"Miaka miwili! Na mwenyewe wa kwanza, huyo mzee wa Port. Nilikuwa nakaa hapa hapa."

"Ilizimika mara ngapi?"

"Hata moja."

"Na huo mlio?"

"Haukuwa. Umekuja na rangi yako. Mimi ndio naketi juu yake, Japuonj. Wewe unaketi kwa kitabu."

Wakuu, nilifungua ukurasa mpya.

Kwa miezi miwili nilikuwa nimemweka mwanamke huyu katika kundi la wanaosikia na kupitisha. Kumbe kati ya watu wote wa ufuko ule yeye peke yake ndiye aliyekuwa shahidi. Alikuwepo kabla, alikuwepo baada, na alikaa juu ya ushahidi wenyewe. Mimi, mpenda ushahidi, sikuwahi kumuuliza swali hata moja.

Niliandika mistari miwili. Kabla ya rangi: haizimiki. Baada ya rangi: inazimika, na tangi linalia.

Kisha nikaacha kuuliza injini ina nini, nikauliza brashi yangu ilifika wapi.

Nilitambaa nyuma ya kibanda cha nahodha. Pale palikuwa na mrija mwembamba wa shaba uliotoka kwenye tangi, ukapanda, ukajikunja mdomo chini kama mpini wa fimbo. Nilikuwa nimeupaka mikono mitatu, kwa uangalifu, mpaka mdomoni. Nikaupapasa mdomo huo kwa kidole. Haukuwa na tundu. Palikuwa na ngozi ya rangi nyeupe, laini, imekauka kama ganda la yai.

Ulikuwa mrija wa kupumulia. Kadiri injini inavyokunywa mafuta, hewa huingia tangini kwa mrija huo kujaza nafasi. Mimi nilikuwa nimeuziba, na kwa mpira wangu mpya nikaziba hata kifuniko kilichokuwa kikilisaidia tangi kwa kulegea kwake. Tangi lilibaki likinyonywa bila kupumua mpaka bati lake likabonyea kwa ndani. Hiyo ndiyo "ko" ya kwanza. Nikifungua kifuniko, hewa inaingia, bati linarudi. Hiyo ya pili.

Tulikuwa tumetafuta hewa iliyoingia, kumbe iliyotuzima ni hewa iliyokosa pa kuingilia.

Na sasa aibu yangu kamili. Kila mwaka, kwa miaka yangu yote ya kufundisha, nilichemsha maji kidogo ndani ya debe mbele ya darasa, nikalifunga kwa nguvu, nikalimwagia maji baridi. Debe lilikunjamana, wanafunzi wakapiga kelele. Nilieleza uzito wa hewa kwa michoro na mishale. Tangi langu lilifanya somo hilohilo chini ya benchi, mara mbili kila injini ilipozimika, na mimi sikulitambua.

"Fundi," nikasema, "nipe spoku."

Alikuwa na spoku ya baiskeli mfukoni, aliyoitumia kuzibulia kila kitu. Nikaichomeka. Ganda likapasuka, na mrija ukavuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyetoka kuzamia. Chini ya benchi: ko.

"Ameenda," akasema Mama Atieno.

Fundi Okoth aliutazama mrija, akanitazama mimi, akaukalia ukingo wa boti. "Yawa, Mwalimu. Na mimi miaka yote hiyo kwa meli." Kisha akatoa hewa kwa mara ya mwisho, nikazungusha mkono, injini ikawaka.

Haikuzimika tena siku ile. Boti hiyo niliitumia mpaka miaka ya tisini, magugu yalipofunika ghuba, na kila mwaka niliipaka rangi mwenyewe. Kabla ya kugusa brashi, niliufunga mdomo wa mrija kwa kitambaa chekundu chenye mkia mrefu, ili nisisahau kukiondoa. Rangi ya buluu sikuirudisha. Mama Atieno aliendelea kusema kwamba boti imenisamehe, nami niliacha kubishana naye juu ya hilo.

Nilichojifunza nakiweka wazi. Maelezo ya mtu yanaweza kuwa upuuzi na bado alichokiona kikawa kweli. Yakataeni maelezo mkitaka, lakini muulizeni kwanza alikuwa amekaa wapi.

Mwenye boti, jenereta au trekta, na akague leo mrija wa kupumulia wa tangi lake. Mwenye kisa chake na akiweke hapa chini, ila atuambie mapema kama alikuwepo. Fundi atakayenikosoa nitamshukuru.

Kuhusu watoto wa kliniki ile, nasikia wengine sasa ni watu wazima na mmoja ni daktari. Nasikia tu.

Ninaloweza kuliapia ni hili. Jumanne ile ya tatu tulifika Uyoma kabla ya saa tano asubuhi. Kina mama walikuwa wamejaa kwenye mabenchi mpaka nje ya mlango. Sista Perpetua alifungua mpira wa baiskeli, akainua pakiti ya barafu, akaitikisa sikioni. Akangoja. Kisha, bila kuniangalia, akaigonga mezani.

Ko.