Fundi Évariste na Suruali ya Kijivu

Ukitaka kumkasirisha Évariste, mwambie suruali yake inampwaya. Tena jaribu mbele ya wateja, uone. Mtu mpole yule, mtu wa kusamehe hata anayemletea kitambaa Ijumaa na kutaka suti Jumamosi, lakini nguo isiyomkaa mtu mwilini ilimuuma kama tusi.

Hayo aliyatoa Uvira, mashariki mwa Kongo, kwenye baraza la baba yake mtaa wa Mulongwe. Mzee yule, sasa marehemu, alishona kanzu za mapadri na suruali za wachuuzi wa samaki bila ubaguzi, na kila asubuhi, kabla mwanawe hajatoka, alimsimamisha mlangoni, akamzunguka, akamvuta kola, akamfinya kiunoni. "Wewe ndiwe kibao cha duka langu," alimwambia. "Ukipita barabarani nguo zinaning'inia, nani ataniletea kitambaa?"

Hélène, mkewe, alimwona kwanza akipita hivyohivyo barabarani. Wakati huo alikuwa msichana wa kuuza ndagala sokoni, mikono inanuka samaki, akamwona kijana mmoja mwembamba amevaa suruali iliyomkaa utadhani alizaliwa nayo. Mpaka leo akisimulia anacheka, anasema alipenda suruali kwanza, mwenyewe akafuata.

Sasa wanakaa Troyeville, jijini Johannesburg, kwenye nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba. Cherehani iko dirishani, na nje kuna robot, taa za barabarani, ambapo madereva wa teksi hupiga honi tangu alfajiri kana kwamba taa nyekundu imewakosea wao binafsi. Binti yao Carmel alizaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha atakujibu kwa Kiingereza, na mama yake amechoka kugomba.

Katika yote waliyoacha Uvira, kitu kimoja walikuja nacho mzimamzima: usingizi wa Jumapili mchana. Kule, wakitoka kanisani na kumaliza kula sombe na bukari, walitandika mkeka sakafuni, redio ikiongea peke yake, na Évariste akimsukuma mkewe kwa kiwiko. "Sogea kule, Mama Carmel, joto hili litatuua!" Carmel mwenyewe alikuwa bado hajazaliwa, lakini walishakubaliana jina. Halafu wakaja Johannesburg, majira ya baridi yakawakuta na blanketi moja, na yule yule mwenye kiwiko akaanza kubembeleza. "Sogea huku, mama, baridi hii itatuua." Hélène hajawahi kuwa na furaha kama ya Jumapili zile, na hana haya kulisema.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, Évariste akaanza kunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa. Kliniki wakampima, wakasema ni sukari. Nyumba nzima ikashangaa, maana kwao hakuna aliyewahi kuugua sukari, si baba, si babu, si shangazi. Watu wa kanisani wakawa na jibu tayari: ni Johannesburg hii, mikate na soda. Basi akaacha. Yeye aliyekuwa anakunywa chai tamu mpaka midomo inanatana, akaanza kunywa chai kavu isiyo na sukari, uso umekunjamana, bila kulalamika. Vidonge akameza. Sukari ikashuka kidogo, ikapanda tena. Lakini mwili ulipungua, na muuguzi kila akimpandisha mizani alimpongeza. "Sharp, baba! Unafuata masharti."

Hélène akavimba kichwa. Akaenda kujisifu kwa Murielle, jirani yake msusi, kwamba mume wake ana nidhamu, si kama wanaume wengine wanaoficha keki mfukoni. Jamani, alijisifu! Leo akikumbuka maneno yale anatamani kuyarudisha mdomoni.

Maana kulikuwa na maumivu pia. Yalianzia juu ya tumbo, yakapenya mpaka mgongoni. Akilala chali, Évariste aliuma meno. Akiinama kwenye cherehani, yanatulia. "Unaona?" alisema. "Mwili wa fundi unataka kazi. Hii ndiyo dawa yangu." Nani angebisha? Mgongo wa fundi ni mgongo wa fundi, na maumivu yanaisha akikaa kazini. Akapokea sare za kwaya mbili kwa mpigo. Siku zilivyokwenda akaanza kulala palepale, paji la uso juu ya kitambaa, mguu bado kwenye kanyagio.

Hata Jumapili mchana. Hapo Hélène ndipo aliposhindwa. Alilala kitandani peke yake, upande wa pili baridi, akimsikiliza mumewe akihema dirishani, na akaona ameachwa. "Olewa basi na hiyo cherehani yako!" alimpigia kelele siku moja. Évariste akacheka, mkono umeshika tumbo, na hakuja.

Siku ya kupiga pasi suti ndiyo iliyofichua mambo. Ilikuwa ile suti ya kijivu, aliyojishonea majira yao ya kwanza ya baridi hapa. Hélène akageuza suruali ndani nje, apitishe pasi kiunoni, na vidole vyake vikakuta kitu kinene. Mshono. Kando yake mshono mwingine. Kando ya huo mwingine tena, na nguo iliyokunjwa ndani imejazana kama pedi ya bega. Akashusha suruali ya kahawia: hivyohivyo. Nyeusi: hivyohivyo. Hata mashati yalikuwa yamebanwa mbavuni.

Kumbe kila mwili ulipopungua, fundi aliinama kimyakimya akapunguza na nguo, ili zimkae. Na nguo zilipomkaa, nani angeona? Hélène alikula naye meza moja miezi yote ile, hakuona amekwisha kiasi gani. Macho yake yalikuwa yakitazama suruali, kama zamani sokoni.

Alisimama mbele ya cherehani na suruali mkononi. "Papa Carmel, hii nini?"

"Fundi havai nguo kubwa," alijibu bila kuinua kichwa. "Mteja akiniona naning'inia ataniletea kitambaa?"

"Na mimi? Mimi nami ni mteja?"

Mguu wa Évariste ukaacha kanyagio. Hélène akamfungua vifungo vya shati, naye akamwacha. Akaona mbavu. Akaona tumbo lilivyobonyea. Akakaa chini sakafuni akalia kwa sauti, hata Murielle akagonga ukuta kuuliza kuna nini.

Hospitalini walikaa sana kwenye viti vya plastiki, Évariste ameinama, kichwa karibu na magoti. Baada ya damu na picha za mashine, daktari, dada mmoja kijana mwenye sauti ya taratibu, aliwaita ndani. Carmel, waliyekuja naye, ndiye aliyefasiri, siku hiyo kwa Kiswahili. Kabla ya yote daktari aliuliza swali moja: je, baba akiinama mbele, maumivu yanapungua?

Hélène akashika mdomo. Huyu amejuaje?

Carmel hakujua jina la kiungo kwa Kiswahili, akasema tu kiko nyuma ya tumbo. Ni kongosho. Ndiyo hutengeneza kile kinachoituliza sukari mwilini, daktari alieleza, na sasa ina saratani, ndiyo maana sukari ilimjia ghafla ukubwani. Mwili haukupungua kwa sababu ya chai kavu. Na saratani yenyewe imeshatambaa hadi kwenye mishipa ya fahamu inayopita huko nyuma. Akilala chali, mishipa ile inabanwa. Akiinama, inapata nafasi kidogo. Kuikata haiwezekani tena, imeshaenea.

Carmel alifasiri mpaka hapo, akafunika uso. Évariste akamshika mkono. Hakuuliza amebakiza muda gani. "Muulize," alisema, "kama nitaweza kulala chali tena. Kitandani kwangu."

Daktari akasema ipo sindano. Haiponyi ugonjwa, inazima tu ile mishipa inayopeleka maumivu. Wengine inawasaidia sana, wengine kidogo. Évariste akasema wamchome.

Siku zile za kungoja, Hélène hakuomba apone. Aliogopa kuomba kikubwa akanyimwa na kidogo. Aliomba Jumapili moja tu.

Wakamchoma. Wakarudi nyumbani kwa teksi, kila shimo la barabarani Hélène akimtazama usoni. Jumapili ilipofika hawakwenda kanisani. Mchana Évariste akakaa ukingoni mwa kitanda, akashusha mgongo polepole, akitua kila mara kusikiliza maumivu, mpaka mabega yakagusa godoro. Akatazama dari.

"Haya?" aliuliza Hélène.

"Godoro lako limeisha hili," alisema. "Ulikuwa unanificha?"

Hélène akacheka huku machozi yanamtoka.

"Chukua wembe," akasema Évariste. "Fumua ile ya kijivu. Fumua yote. Jumapili ijayo nitaivaa kanisani kama ilivyokuwa, na mkanda. Watu wanione nilivyo."

"Na baba yako angesemaje?"

"Baba atanigombeza mwenyewe tukionana."

Miaka yote Évariste hakuwahi kumruhusu mkewe akalie kiti cha cherehani. Hélène akakaa kwenye cherehani, akapitisha wembe kwenye mshono wa mwisho, ukafuata wa kabla yake, na kiuno kikafunguka kidogokidogo mpaka kikawa cha mwanaume aliyefika naye mji huu. Akakinyoosha mapajani. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani kilikuwa bado kipya, kijivu kilekile cha dukani.

Aliacha suruali kwenye kiti, akawasha redio, akapanda kitandani. Nje ilikuwa baridi, lakini jua la dirishani lilikuwa limepasha blanketi.

"Sogea," alisema Évariste, macho ameyafumba.

Hakusema kule wala huku. Hélène hakuuliza. Alisogea mpaka bega lake likagusa mbavu za mumewe, akabaki hapo.