Kanga Aliyetoka Damu kwenye Kadi za Bonane

Juzi nilipita karibu na duka moja la mabango katikati ya mji wa Lubumbashi, nikapigwa na harufu ya wino uliochanganywa na mafuta ya taa. Nilisimama mlangoni kama mteja, ingawa sikuwa na la kununua. Harufu ile ilinirudisha mtaani kwetu Katuba, kwenye sebule yetu, msimu wa mvua, Baba na mdogo wake wakichapa kadi za bonane, yaani Mwaka Mpya, bila kutazamana usoni.

Ngoja niwaeleze. Babu yangu alikuwa mchapaji. Alichonga picha kwenye ubao, akaupaka wino, akalaza karatasi juu yake na kuisugua mgongoni kwa kijiko cha mti. Picha yake iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya ndege kanga, nayo ilihitaji mbao mbili: wa kwanza ulitoa ndege mzima kwa rangi nyeusi, madoadoa yote, wa pili ulitoa wekundu wa kichwani na mashavuni tu. Ili nyekundu iangukie mahali pake, kila ubao ulichongwa kona ndogo pembeni, na karatasi ilisimikwa humo kabla ya kulazwa. Kona zikikubaliana, kanga anapendeza. Zikikosana hata kwa unene wa ukucha, anaharibika.

Babu alipofariki, wanawe waligawana mbao. Baba, aliyekuwa mkubwa, akachukua ule wa nyeusi. Mdogo wake, tuliyemwita Baba Mudogo, akachukua ule wa nyekundu. Majirani walisema hao ni ndugu wanaopendana. Mimi naona kila mmoja alitaka tu kuhakikisha kwamba mwenzake hatachapa peke yake. Baba Mudogo alikuja na ubao wake umefungwa kwenye nailoni, akautumia, akaufunga tena na kurudi nao kwake. Baba naye aliuweka wake kwenye rafu ya jikoni, juu ya mbabula, jiko letu la makaa ambalo halikuwa likizimika, ili Mama aweze kuuona mchana kutwa.

Mwaka huo, mama mmoja wa mtaa wa Golf, aliyekuwa akituagiza kadi tangu enzi za Babu, alimtuma tena dereva wake. Nyeusi ilitoka safi. Nyekundu ikaanguka kando: wekundu ulihama mashavuni ukaenda shingoni, na kanga akaonekana kana kwamba mtu alianza kumchinja akaghairi. Wakarudia. Kanga mwingine akatoka damu. Mimi niliyekuwa nikianika kadi kwenye kamba nilicheka, kisha nikaona nacheka peke yangu.

"Yaya, uliguza kona," Baba Mudogo alimwambia kaka yake polepole.

"Miye? Kona yangu iko vile baba aliiacha. Angalia yako."

"Yangu hakuna muntu anaiguzaka."

"Basi ni mashetani njo banaikata?"

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilijaa macho. Baba aliniita uani akaninong'oneza, "Akiinama, angalia mikono yake." Nikaangalia hadi macho yakaniwasha. Nilikishuku kijiko, nikaishuku ile nailoni, nikamshuku hata kanga mwenyewe. Baba Mudogo alianza kuja na rula yake, akapima kona ya Baba huku akiguna. Mama alipomletea chai alisema ameshakunywa kwake, na sote tulielewa kwamba aliogopa kuwekewa sumu. Mama aliirudisha jikoni akaimwaga.

Bonane ilipokaribia, mama yao alikuja. Tulimwita Kambo, kama tunavyowaita mabibi huku kwetu. Aliwasikiliza kidogo tu, akanyoosha mikono.

"Mulete yote mbili. Mwaka huu hakuna muntu atachapa."

Alizipanga mbao kifuani, moja juu ya nyingine, wino ukimchafua kitenge, akaanza kuondoka. Mlangoni akasimama. Alipitisha kidole pembeni mwa zile mbao, akakipitisha tena, kisha akageuka.

"Hizi baba yenu alizikata mu muti moya. Zilikuwaka sawasawa. Sasa huyu moya amenenepa."

Ndugu wale walisogea, vichwa vyao vikakaribiana kwa mara ya kwanza tangu matanga ya Babu. Kweli, ubao wa nyekundu ulikuwa umeuzidi mwenzake.

"Yako unaiwekaka wapi?" Baba aliuliza.

"Chini ya kitanda. Na maji inaingiaka mu nyumba. Yako?"

"Juu ya mbabula."

Mmoja ulikuwa umekauka ukasinyaa, mwingine umekunywa unyevu ukavimba. Hakuna kisu kilichopita.

Mtadhani walikumbatiana. Wapi! Kambo alizichukua mbao akazilaza pamoja kabatini kwake, mpaka zikarudi kulingana. Kufikia hapo bonane ilikuwa imepita, na yule mama wa Golf alikuwa amenunua kwingine. Walichapa hivyo hivyo, nyumbani kwa Kambo, kanga wazuri wasio na wa kupelekewa. Hakuna aliyesema samahani.

Miaka mingi baadaye, tuliporudi kutoka kumzika Baba Mudogo, Baba alikaa na viatu vyenye udongo, hakutaka kuvivua.

"Siku moja aliacha mubao wake mezani, akaenda kunawa," aliniambia. "Nilishika kisu. Nilisema, nikikata kona yake kidogo, itamushinda, ataniachia yote. Kisha nikakirudisha."

"Kwa nini hukumwambia, Baba?"

"Ningeanzia wapi?"

Nilipokuwa mtoto nilidhani Baba alimshuku mdogo wake kwa kutomjua. Kumbe alimshuku kwa sababu alijijua mwenyewe. Na kwa jinsi Baba Mudogo naye alivyokuwa na uhakika uleule, nadhani ipo siku alibaki peke yake na ubao wa kaka yake, wazo lilelile likamjia, akaliacha. Zile kona hazikuguswa na mtu. Kila mmoja wao, bila shahidi, alikataa kumdhuru mwenzake, halafu akaishi miaka yote akiamini kwamba ni yeye peke yake aliyekataa.