Maharagi Sita Mfukoni

Wasomaji wangu, wiki hii tumemzika mama mwalimu aliyefundisha watu wazima kusoma, kule kambini Bunia, kwa waliokimbia vita vya Djugu. Mimi na mvi zangu nilikuwa mwanafunzi wake. Munanisoma hapa, lakini shule niliiacha mapema, wengine wananinyooshea maneno kabla hamujayasoma. Kifaransa kilinitisha, zaidi zile verbe, yaani vitenzi, ndefu kama foleni ya maji. Yeye aliweka maharagi mezani: kila kinywa kikifunguka kwa kipande cha neno, haragi moja linasogea. « Muzee, muhogo muzima haiingie mu kinywa. Kata kwanza! » Siku moja nilifika mikono mitupu, mke wangu alikuwa amepika maharagi yangu ya masomo. Mwalimu alicheka mupaka machozi. « Kumbe weye umekula futur yote, wakati ujao wote! »

Hata leo najiuliza kwa nini kukata kunasaidia. Neno ni lile lile, halikupungua. Lakini muulize aliyetoka kijijini mwake na godoro kichwani alifikaje Bunia. Atakuambia: kwanza mupaka kwa mto, kisha mupaka kwa kile kilima. Njia nzima, angeifikiria, angekaa chini.

Sasa, kabla ya kufa aliacha neno kwa binti yake: karatasi ya kumuaga nisome mimi, kwa Kifaransa, kaburini. Niliogopa kuliko kifo chenyewe. Nikikosea, watasema hakufundisha kitu. Nilisoma polepole mupaka mustari wa mwisho, nikakutana na « nous nous retrouverons », tutaonana tena. Nikakwama. Mupwa wake mwenye diplome akanyoosha mkono.

« Papa, leta, nisome. »

« Acha muzee! » mama mumoja wa darasa letu akamukata. « Njo kazi yake, aliachiwa yeye. »

Niliingiza mkono mfukoni. Maharagi yalikuwamo. Nous, nikaangusha moja shimoni. Nous. Re. Hapo sauti ikanikimbia, na nyuma yangu wamama wa kambi wakaanza kupiga makofi taratibu, kofi moja kwa kila kipande, wakiningojea. Trou. Ve. Rons. Sita.

Binti wa mwalimu akachungulia kaburini. « Muzee, zitaota? »

Sijui, mwanangu. Najua tu kwamba kila jambo refu, hata msiba, lina mahali pa kukatia. Ukipata mtu wa kukuonyesha hapo, umesoma.