Kikuku Kilichotoka Ukingoni

Juzi wajukuu walinipeleka pwani, nikamwona Mzungu mmoja kavaa kaptula, anapitapita mchangani na chuma kirefu kama mwiko wa kusongea ugali wa jeshi zima, masikio kayaziba na madude meusi. Chuma kinalia: tii, tii, tiiii! Anapiga magoti, anafukua, anatoa kizibo cha soda. Nimecheka mpaka ubavu ukauma. Nikawaambia, sisi chuma chetu kilikuwa nyayo. Wakaniuliza, "Kha, bibi, na nyie mlikuwa mkitafuta?" Hapo kicheko kikanikauka.

Nilikuwa na miaka kama kumi, sijavunja ungo, sijawekwa ndani bado. Mama yangu alikuwa kaolewa Miono, mimi kaniacha na mama yake hapa Bagamoyo. Bibi macho yalishaingia ukungu, akikutazama anatazama sikio lako. Kazi yetu ilikuwa kuokota. Siku za bamvua maji yanajaa yanakuja kula ukingo, yakitoka yanaacha mchanga umepepetwa kama mchele. Unaona ushanga, vigae vya sahani za Kichina, hela za Mdachi, na zile pesa za zamani zaidi, za Sultani, zenye picha ya mizani. Kutoka Kaole mpaka Mbegani nakwenda nimeinama, natambaza mguu polepole, maana shaba ukiikanyaga na mguu mtupu ina baridi yake, si baridi ya jiwe.

Nikirudi namimina vyote kwenye bakuli la bibi. Anasugua kwa ukwaju na majivu, na vidole vyake ndiyo macho. "Hii ya Mdachi, taji hili hapa. Hii mizani. Hiki kifungo cha koti, mjinga we, umemwokotea nani, una bwana askari?" Sauti yake inatokea puani, kama mbu kaingia mtungini. Nilikuwa naiiga barabara. Nilikuwa namwiga kila mtu. Mhindi wa dukani aliyetupokea vile vitu kwa sukari na tumbaku ya bibi: "Hii iko zee sana, bibi, iko zee kupita weye!" Mwalimu wa chuo cha Kurani naye anavuta maneno kama anavuta ndoo kisimani: "Eeee, mwanaaangu, kaaaa chini." Wanawake wakiniona nafika kisimani wanatua ndoo. "Haya, njoo, leo umemleta nani?"

Sasa, bibi alikuwa na mtoto aliyempotea. Binti yake wa kwanza, dada yake mama, mimi mama mkubwa wangu, ila sikumwona, alipotea mimi nimo tumboni. Mumewe alikuja kwa bibi asubuhi moja, akasema, "Mama, mwanao kanikimbia. Kafuatana na baharia, wamekwenda Tanga." Na mume mwenyewe mtu wa safu ya mbele msikitini, ana shamba la minazi kule Mbegani, sauti laini kama tui la kwanza. Bibi akamwomba radhi. Akamwomba radhi, nakwambia! Kwa aibu ya mwanawe. Na kila Idi anampelekea sahani ya vitumbua, mimi ndiye mbebaji. "Shikamoo baba mkubwa." "Marahaba, mwanangu mzuri. Bibi hajambo?"

Mtu akitoka Tanga, awe nani, bibi atamuuliza. Matanga hakuweka, hitima hakusoma. Atawekaje, na mtu yu hai? "Atarudi," anasema, "atarudi na watoto wawili na kiburi kile kile."

Siku hiyo maji yalikuwa yametoka mbali. Chini ya shamba la baba mkubwa ukingo ulikuwa umemeguka, mizizi ya minazi inaning'inia kama nywele. Nikaona kitu cheusi kimezunguka kijiti cheupe, kijiti kimechomoza ukingoni kama kiwiko cha mtu anayechungulia. Nikakivuta. Kikateleza kikatoka, kizito: kikuku. Kijiti nikakiacha pale pale. Nilijua ni mfupa. Nikajiambia wa mbuzi. Mbuzi gani anavaa kikuku? Lakini nilishaona fedha, nilishaona sukari, nikakimbia.

Bibi akasugua. Weusi ukatoka, fedha ikaanza kung'aa. Kidole gumba kikafika mahali, kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena.

"Hapa kuna shaba?" akaniuliza.

Nikatazama. Kweli, kikuku kilishawahi kuvunjika, kikaungwa kwa shaba, kikabaki na kovu.

"Alikivunja kwenye kinu," bibi akasema. "Mimi nilikipeleka kwa sonara mwenyewe. Umekitoa wapi?"

Nikamwambia. Na mfupa nikamwambia.

Hakulia kwa sauti. Alianza kutikisika tu, na ule mlio wa puani, nnnn, nnnn. Kisha akasema, "Hakuoshwa."

Maana sisi maiti wetu hazikwi na kitu. Hereni zinavuliwa, pete ikikwama inapakwa sabuni mpaka itoke. Aliyelala ardhini na kikuku mkononi hakuoshwa, hakuvishwa sanda, hakusaliwa. Katiwa shimoni kama mzoga, na nguo zake.

Akanishika bega, tukaenda kwa mwalimu. Mwalimu akasikiliza, akajifuta uso. "Mfupa wa Muislamu ukionekana unaoshwa, unasaliwa, unazikwa. Lakini kikuku, mama, kikuku hakisaliwi. Nileteeni mfupa." Maji yalikuwa yameshajaa, yanapiga ukingo. Akasema kesho yakitoka atakuja yeye na wanaume wawili na sanda. Bibi akanikanya njiani: "Mpaka kesho, mdomo wako ushone."

Alasiri nikatumwa maji.

Sijui niseme nini hapa. Wanawake wa kisimani walinizunguka kama kawaida. "Leo umemleta nani?" Nikasema sina mtu leo. "We! Leo umenuna kama mke wa pili!" Wakacheka. Nami nikaona haya kukosa cha kuwapa. Nikakunja shingo, nikatazama sikio la mmoja wao, nikatoa ule mlio, nnnn, nnnn, "Ha-ku-oshwa." Kidole gumba nikakizungusha hewani. Wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja akauliza, "Nani hakuoshwa?" Nami, mwenye kuona sifa, nikamaliza mchezo wote, na kikuku, na ukingo wa Mbegani. Hapo ndipo kicheko kilipokufa. Mmoja alibeba ndoo yake akaondoka bila kujitwisha.

Asubuhi tulipofika, ukingo haukuwepo. Umekatwa kwa majembe, hatua ishirini hivi, umesombwa, nyayo za punda zimejaa chini. Baba mkubwa kasimama chini ya minazi yake, tasbihi mkononi.

"Karibuni. Karibuni sana. Nimeanza kujenga, nimechota mchanga kidogo wa msingi. Kuna nini, mwalimu, mbona na sanda?"

Bibi akashuka na mikono miwili. Alifukua kwa vidole tangu pale mpaka maji yalipomfika kiunoni. Alitoa kigae. Alitoa ushanga mmoja. Wale wanaume wakambeba.

Mwalimu alimuuliza yule bwana, kwa adabu, habari ya kikuku. Akasema kikuku kinadondoka popote, huenda kilimtoka siku anakimbia. "Na mfupa kauona nani?" Wakanitazama. Akatabasamu. "Huyu? Huyu anayechekesha watu kisimani? Jana mtu kaniambia huyu kamwiga bibi yake analia, wanawake wakavunjika mbavu. Leo nyie mmekuja na sanda."

Hata mwalimu alinitazama vile, kama anapima.

Bibi akasema basi, mtoto wangu kafa, nisomeeni. Ikasomwa hitima bila maiti, ukapikwa ubwabwa. Kuniambia mimi habari ya kisimani, hakuniambia kitu, si siku ile si siku nyingine, mpaka alipokufa mwenyewe. Ila vitu nilivyookota hakuvigusa tena. Nilimimina bakulini mara mbili, vikakaa na uchafu wake, nikaacha kwenda.

Baba mkubwa alikuja hitimani. Kaleta nazi gunia zima. Kakaa na wanaume, kaitikia amina kwa sauti nzuri kuliko wote, kala. Mimi nilipewa birika na beseni niwanawishe wageni. Nikafika kwake, nikapiga goti, nikamimina maji. Alinawa taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Wewe ndiye unayeiga watu?" akasema polepole, wengine wasisikie. "Wanakusifu sana. Hebu niige na mimi, nisikie."

Nilifungua mdomo. Sauti yake niliijua, ile laini, niliweza kuitoa hata usingizini. Haikuja. Haikuja sauti yoyote, hata yangu.

Akangoja. Akakung'uta vidole. "Mwaga," akasema, "maji yamejaa," nami nikanyanyua beseni nikaenda kumwaga.